Mchagua pata ndiye mchezaji

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeirithi, tumeifundisha madarasani na tumeitumia kuwanyamazisha watoto wanaolalamika kwamba kalamu haiandiki. Leo naomba idhini ya kuipinga hadharani, japo kwa ajili ya mkulima wa aina moja tu, naye ni mchezaji wa gofu. Isitoshe, hata mkulima halisi hajawahi kuitii. Mtu wa Mwea mwenye udongo mweusi unaonata haulimi kwa jembe lile lile alitumialo mtu wa Kilifi mwenye kichanga. Atakuambia kwamba jembe la meno lina shamba lake, na jembe bapa lina lake. Kuchagua jembe si uvivu. Uvivu ni kununua jembe kama la jirani kwa sababu tu jirani amevuna.

Fimbo ninayoikusudia ni ile ya mwisho, ambayo mchezaji huitoa mkobani afikapo kwenye grini, yaani kile kipande cha nyasi zilizokatwa chini kabisa ambamo shimo limechimbwa. Makedi wetu, wale wanaowabebea wachezaji mikoba na kuwapa mashauri, huiita pata. Neno limetoka katika Kiingereza, lakini lilipoingia kinywani mwetu lilikuta tayari lina jamaa. Waswahili husema kisu kikali kinapata, na kisu butu hakipati. Ni nadra neno geni kubahatika kiasi hiki. Pata isiyopata ni kisu butu kilichonakshiwa mpini.

Basi kitu gani huifanya pata ipate au isipate? Mambo ni mengi: urefu wa mpini, uzito wa kichwa, unene wa mshikio. Lakini kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui kabisa, nalo ndilo kiini cha makala haya. Uso wa pata, ule unaougonga mpira, haukusimama wima kama ukuta. Umelala nyuma kidogo, kidogo mno, kiasi kwamba jicho lisiloelekezwa haliuoni mlalo huo.

Wazungumzaji wa Kiingereza wana neno la mlalo huu na wachezaji wetu wamezoea kuliazima wakisema lofti. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nimeona hatuna haja ya kuazima wakati tuna mali yetu ghalani. Maseremala na mafundi wa kuunda vyombo vya bahari wana neno hanamu. Ubao uliokatwa kwa mshazari, ukingo wake usiwe wima, umekatwa hanamu. Hilo ndilo neno halisi la uso wa fimbo ya gofu, nami nitalitumia tangu hapa hadi mwisho.

Kila fimbo mkobani ina hanamu yake. Ile ya kupigia mbali kabisa huwa na hanamu ya digrii 9 hadi 12 hivi. Ile ya kuutoa mpira katika shimo la mchanga hufika digrii 54 au 56, ndiyo maana mpira hupaa juu kama kuku aliyefukuzwa. Pata nyingi zinazouzwa madukani zina digrii 3 au 4. Sheria za mchezo zenyewe zimeweka mpaka: fimbo ikizidi hanamu ya digrii 10 haihesabiwi tena kuwa pata.

Msomaji anaweza kuuliza, je, digrii 3 au 4 ni kitu cha kuandikia gazetini? Na tupige hesabu. Uso wa pata ya kawaida una kimo cha milimita 25 hivi. Hanamu ya digrii 4 maana yake ni kwamba ukingo wa juu umerudi nyuma kuliko ukingo wa chini kwa milimita 1.75, karibu unene wa sarafu. Hanamu ya digrii 2 ni chini ya milimita moja. Ugomvi wetu wote, basi, ni wa upana wa sarafu. Lakini katika uwanja ambao wastani uliowekwa ni mapigo 72, mapigo 36 yametengewa grini, mawili kwa kila shimo katika mashimo 18. Nusu ya mchezo imekabidhiwa fimbo moja kati ya 14 zinazoruhusiwa mkobani. Ukingo wa sarafu ukikosewa, unakosewa katika nusu ya mchezo.

Sababu ya kuwapo kwa hanamu hiyo ni rahisi. Mpira wa gofu ni mzito kwa umbo lake. Unaruhusiwa kufika gramu 45.93 huku kipenyo chake kikiwa milimita 42.67 au zaidi kidogo. Ukitua juu ya nyasi, hata zilizonyolewa kama kichwa cha kuruta, hujichimbia kitanda kidogo. Hauketi juu ya nyasi bali ndani yake. Mtu anayesukuma mkokoteni uliotumbukia gurudumu katika kishimo cha barabara anajua la kufanya: hausukumi mbele moja kwa moja, huuinua kidogo kwanza ndipo akausukuma. Hanamu ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kuinua. Huutoa mpira kitandani mwake, nao ukateleza juu ya nyasi kwa kitambo kifupi, kisha ukashika ardhi na kuanza kubingirika.

Hanamu ikipungua ikawa sifuri au chini ya sifuri, uso wa pata huukandamiza mpira ardhini. Mpira hugonga ukingo wa kitanda chake, ukaruka, ukatua, na kuruka tena kama matatu katika barabara ya mashimo. Hanamu ikizidi mno, mpira hurushwa hewani, ukasafiri bila kugusa nyasi, kisha ukatua na kuteleza mbali kabla haujabingirika. Katika hali zote mbili mchezaji hupoteza kile anachokihitaji zaidi, yaani uwezo wa kukisia umbali. Leo pigo la nguvu hii limefika shimoni, kesho pigo lilo hilo limebaki nyuma mita moja, naye hajui kwa nini.

Hapa napenda kusema kweli yote ili nisije nikadhaniwa kuwa mchuuzi wa dawa ya kila ugonjwa. Hanamu haimwongozi mtu asiyejua kulenga. Upande ambao mpira utaelekea hutegemea zaidi uso wa pata unatazama wapi wakati wa kugonga, na hakuna digrii itakayomsaidia mtu asiyesoma mteremko wa grini. Hanamu inahusika na umbali, na namna mpira unavyoanza safari yake. Lakini mapigo mengi ya tatu kwenye grini hutokana na umbali uliokosewa katika pigo la kwanza, wala si upande.

Kiasi gani basi kinafaa? Jibu lina sehemu mbili: nyasi na mikono.

Tuanze na nyasi. Zamani, mashine za kukatia zilipokuwa duni, grini zilikuwa na nyasi ndefu na mpira ulizama zaidi. Pata mashuhuri ya Bobby Jones wa Marekani, aliyeshinda mashindano yote manne makuu ya enzi yake mwaka 1930, inatajwa kuwa na hanamu ya digrii 8 hivi. Leo ingeonekana kama kioja, lakini kwa nyasi za siku zile ilikuwa hekima. Mwaka 1935 Mmarekani Edward Stimpson, baada ya kutazama mashindano ya wazi ya nchi yake katika uwanja wa Oakmont, alibuni kifaa cha kupimia kasi ya grini. Ni ufito wenye mfuo ambao mpira huachiwa uteremke, kisha zikahesabiwa futi ulizobingirika. Kifaa hicho, stimpumita, kilianza kugawiwa watunza viwanja wa Marekani mwaka 1978. Kadiri grini zilivyozidi kukatwa chini na kuwa na kasi, ndivyo watengenezaji walivyozidi kupunguza hanamu. Kanuni ni moja: nyasi fupi, ngumu na zenye kasi zataka hanamu ndogo, nyasi ndefu, laini, zenye umande au zinazolala zataka hanamu kubwa kidogo.

Sasa tuitazame nchi yetu. Kenya si shamba moja. Grini ya nyanda za juu asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa haujainuka, si grini ya Mombasa saa nane mchana. Katika maeneo yenye joto hutumika sana nyasi za jamii ya ukoka, ambazo hutambaa na kulala upande mmoja, na mpira unaokwenda kinyume cha mlalo wake hukwama kama jahazi lililokabiliwa na upepo wa mbele. Katika baadhi ya viwanja vya bara, hasa palipokuwa na uhaba wa maji, wachezaji wa zamani hawakuwa na grini za nyasi kabisa bali za mchanga uliotiwa mafuta na kusawazishwa. Huko mpira ulikuwa na kitanda cha namna nyingine. Atakayeniambia kwamba pata moja inafaa sawasawa mahali pote hapo, nitamwuliza kama jembe lake moja limelima Mwea na Kilifi.

Ajabu ni kwamba dunia ya gofu imeazima kutoka kwetu zaidi ya tunavyodhani. Zipo nyasi ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, nazo zinaitwa kote ulimwenguni kwa jina la Wakikuyu. Zimevuka bahari hadi California, na katika uwanja wa Riviera huko Los Angeles zimetanda njia zote za kuendea grini. Wachezaji matajiri wa dunia huzilaani kwa jina hilo la Kenya kila mwaka. Ikiwa wao waliona sawa kuchukua jina kwetu, sisi tuna haya gani kuipa fimbo yao neno la Kiswahili?

Sehemu ya pili ya jibu ni mikono, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Hanamu iliyoandikwa kwenye karatasi ya dukani ni ya pata iliyosimama peke yake, mpini wake ukiwa wima. Mpira hauijui hanamu hiyo. Unaijua ile iliyopo dakika ya kugongwa. Mchezaji anayetanguliza mikono mbele ya mpira huuinamisha mpini kuelekea shimoni, na kila digrii anayoinamisha hupunguza digrii moja ya hanamu. Anayebakiza mikono nyuma huiongeza. Tuchukue watu watatu wenye pata moja ya digrii 4. Wa kwanza hutanguliza mikono kwa digrii 3, basi hugonga kwa digrii 1. Wa pili mikono yake i sawa na mpira, hugonga kwa 4. Wa tatu hubaki nyuma kwa digrii 2, hugonga kwa 6. Pata ni moja, lakini fimbo ni tatu. Wa kwanza akishauriwa na rafiki anunue pata ya digrii 2 kwa kuwa ndiyo ya kisasa, atakuwa anagonga kwa digrii 1 chini ya sifuri, akiuzika mpira wake kila siku.

Mfano wa wazi wa jambo hili ni Bryson DeChambeau, Mmarekani aliyesomea fizikia. Tangu mwaka 2016 sheria zinakataza kuuegemeza mshikio kifuani au tumboni wakati wa kupiga, lakini hazikatazi kuulaza mpini kando ya mkono wa mbele. Anayefanya hivyo huuinamisha mpini mbele sana, kwa hiyo pata za mtindo huo hutengenezwa zikiwa na hanamu kubwa kuliko kawaida, mara nyingi digrii 5 hadi 7. Kwa mtindo huo DeChambeau alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 2020. Sasa mtu wa kwetu akimwona katika televisheni, akaagiza pata kama ile na kuishika kwa namna yake ya kawaida, ataupeleka mpira angani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na hata ikiletwa karibu, yataka mkono uliozoea kuishika.

Hapo ndipo ninapofikia jambo lililonifanya niandike. Pata mpya ya jina kubwa ni mali ya watu wachache. Vijana wengi wanaojifunza gofu nchini, hasa wale waliouingia mchezo kwa mlango wa ukedi, hutumia pata walizopewa na wachezaji wakubwa waliokwisha kuzichoka, au walizonunua zikiwa zimetumika. Pata hizo zimeegemewa kama bakora, zimekanyagwa, zimebanwa katika buti za magari. Shingo zao zimepinda bila mtu kujua. Nimesimama kando ya uwanja mmoja nikamsikia kijana akielezwa na mtu mzima, mbele ya wenzake, kwamba hana kipaji cha grini na heri abebe mikoba tu. Kijana yule alikuwa akitanguliza mikono mbele sana, na mpira wake ukiruka kila alipougonga. Hakuna aliyekagua fimbo. Alihukumiwa mtu kwa kosa ambalo huenda lilikuwa la chuma.

Na kijana angejitetea kwa lugha gani? Makedi wengi wanalijua jambo hili kwa macho na mikono kuliko mabwana zao. Wanajua mpira unaoruka na mpira unaobingirika. Lakini vitabu vya sheria na maelezo ya mafundi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mjuzi asiye na neno huonekana hana ujuzi. Akisema, 'Mzee, mpira wako unaruka kwa sababu mikono imekula hanamu yote,' atakuwa amesema jambo la fundi kwa lugha ya fundi. Bila neno hilo atasema, 'Mzee, hiyo pata si nzuri,' na mzee atacheka.

Namna ya kupima haihitaji gharama. Weka pata kwenye ukingo wa meza iliyo sawa, uso wake ukitazama nje, na mwenzako aishike hadi mpini uwe wima, usiinamie mbele wala nyuma. Teremsha uzi wenye kijiwe, yaani timazi ya mwashi, ukiugusa ukingo wa chini wa uso. Nafasi utakayoiona kati ya uzi na ukingo wa juu ndiyo hanamu yako. Kipimapembe cha mtoto wa shule kitakupa makisio ya digrii. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, au ukingo wa juu umetangulia, pata hiyo ni mgonjwa.

Kisha upime mikono. Chora mstari kwa kalamu kuuzunguka mpira, uuelekeze shimoni, na upige pigo la mita tatu katika grini ya mazoezi. Mwenzako apige magoti kando yako, au airekodi picha kwa simu kisha muitazame polepole. Mpira ukipaa mara tu unapogongwa, hanamu imezidi au mikono imebaki nyuma. Ukidundadunda, hanamu imekosekana au mikono imetangulia mno. Ukiteleza kidogo na mstari ukaanza kuzunguka bila kuyumba, iache pata yako hata kama jina lake limefutika. Wataalamu wengi hupendelea igonge ikiwa na hanamu iliyozidi sifuri kidogo tu, digrii 1 au 2 kwa grini zenye kasi, na zaidi ya hapo kwa nyasi nzito.

Ikionekana kuna kasoro, si lazima ununue nyingine. Fundi wa fimbo anaweza kuipinda shingo kwa digrii moja au mbili ikiwa ni ya chuma laini. Zile za madini yanayovunjika zisiguswe, kwani zitakatika. Na afadhali kuirekebisha pata kwa ajili ya mikono iliyokwisha zoea kuliko kuiharibu mikono kwa ajili ya pata.

Ombi langu kwa viwanja vyetu vya gofu ni dogo. Wanapowafunza makedi na vijana, wawafunze pia mambo ya vyombo, na wawafunze kwa Kiswahili. Kila uwanja uwe na timazi na kipimapembe katika chumba cha makedi. Bei yake haifiki ya mpira mmoja mpya. Na kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba kijana hajui kupiga kwenye grini, aulize maswali matatu: Nyasi hizi ni za namna gani? Mikono yake iko wapi anapogonga? Na pata aliyopewa, hanamu yake imebaki ngapi?